Umeme, Huzuni na Hiari ya Mtu

Mtu akivunjika mguu, jirani humletea uji na kumpa pole. Mtu akishikwa na huzuni isiyo na sababu ya kuonekana, isiyompa usingizi wala hamu ya chakula, watu humletea maneno: jikaze, acha uvivu, huna imani, pana mkono wa mtu. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, na nyumba za Wakristo zimo. Maradhi hayo yana jina, nayo yaitwa sonona. Twataka kuyazungumza leo kwa sababu ya swali zito lililozuka katika hospitali za Ulaya na Marekani. Je, ni halali kutoboa fuvu la mgonjwa, kumtia waya ndani ya ubongo, na kupitisha umeme humo usiku na mchana ili huzuni imwondoke? Tena furaha ipatikanayo kwa njia hiyo, ni ya mtu mwenyewe, ama ni ya mashine?

Huenda msomaji wetu aliyeko shamba atasema kwamba hayo ni mambo ya wenye mali, nasi tuna taabu za malaria na ada za shule. Hatumlaumu. Lakini swali lenyewe si la mali. Latuuliza mtu ni nini, mwili wake wahusianaje na roho yake, na sisi tulio wazima tuna haki gani juu ya akili ya ndugu aliye mgonjwa. Mwenye kulijibu vibaya swali hili atamtendea vibaya hata mgonjwa aliye chumba cha pili nyumbani mwake, ambaye hatauona waya huo maisha yake yote.

MARADHI, SI UVIVU

Yafaa tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Iko huzuni iliyo haki. Mama amzikaye mwanawe huhuzunika, na asipohuzunika twamwogopa. Mtu aliyemdhulumu mwenzake akaona uchungu wa kosa lake, uchungu huo ni mwanzo wa wongofu. Huzuni ya namna hiyo ina neno la kusema, nayo hupungua kadiri mtu anavyolisikia neno lake. Sonona haina neno. Humkuta tajiri na maskini, mcha Mungu na asiyemjua Mungu. Mgonjwa hukesha macho, chakula hukosa ladha, watoto wake mwenyewe huwaona kama watu wa mbali, na sala huwa maneno makavu mdomoni. Wengine hufika mahali pa kudhani kwamba kufa kwao kutawapunguzia jamaa mzigo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tusifanye haraka kuhukumu.

Maandiko Matakatifu hayakulificha jambo hili. Nabii Eliya aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe, wala Mungu hakumkemea. Alitumiwa malaika na mkate na maji, akaachwa alale, akalishwa tena, ndipo akaambiwa habari ya safari. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alipoandika juu ya dawa za huzuni alitaja machozi, huruma ya marafiki na kuitafakari kweli. Tena hakuona haya kutaja usingizi na kuoga. Mwalimu mkuu huyo alijua kwamba mtu si roho iliyotiwa katika mwili kama nafaka katika gunia. Roho na mwili ni mtu mmoja, na kinachoupata mwili humpata mtu mzima. Asiyeona haya kumeza kidonge cha malaria hana sababu ya kuona haya kutibiwa ubongo.

Tangu zamani hizo tiba zimeongezeka. Mwaka 1938 mjini Roma waganga Cerletti na Bini walianza kutumia mshtuko wa umeme, tiba ambayo siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, nayo huwasaidia wengi. Katika miaka ya 1950 Roland Kuhn wa Uswisi alivumbua mojawapo ya dawa za kwanza za sonona. Walio wengi hupata nafuu kwa dawa, kwa mazungumzo na mtaalamu, na kwa subira ya jamaa. Lakini liko fungu, ambalo wataalamu hulikadiria kuwa karibu theluthi moja ya wagonjwa, lisilopata nafuu ya kutosha hata baada ya kujaribiwa dawa mbalimbali. Na katika fungu hilo wamo wachache waliokwisha kujaribu kila kitu kwa miaka mingi, wasione mapambazuko. Hao ndio tunaowanena.

KAZI YENYEWE

Kazi hii ya waya haikuanzia kwenye huzuni, bali kwenye mtetemeko wa mikono. Mwaka 1987 daktari Alim-Louis Benabid na wenzake, huko Grenoble katika Ufaransa, waliona kwamba umeme wa mapigo ya haraka ukitiwa mahali maalumu katika kilindi cha ubongo hutuliza mtetemeko. Tangu hapo wagonjwa zaidi ya laki moja duniani wametiwa waya za namna hiyo, wengi wao wenye maradhi ya Parkinson. Mwaka 1999 Bart Nuttin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, katika Ubelgiji, walieleza jinsi walivyoitumia njia hiyo kwa watu wanaosumbuliwa na mawazo yasiyozuilika, wale wanaolazimika kunawa mikono au kukagua kufuli mara mia kwa siku. Kisha mwaka 2005 Helen Mayberg, Andres Lozano na wenzao wa Toronto, katika Kanada, wakatangaza habari za wagonjwa 6 wa sonona iliyoshinda tiba zote.

Hufanyika hivi. Mganga hutoboa matundu mawili madogo katika fuvu. Kwa kufuata picha zilizopigwa mapema, hupitisha waya mwembamba, usiofika unene wa milimita 2, hadi mahali palipokusudiwa. Waya hushuka chini ya ngozi ya shingo na kuungwa na kifaa chenye betri kilichofukiwa karibu na mtulinga. Kifaa hicho hutoa mapigo madogo ya umeme, kwa kawaida kama 130 katika kila sekunde. Mara nyingi mgonjwa huwa macho katika sehemu ya kazi hiyo na huzungumza na mganga wake, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu. Hatari zipo: damu yaweza kuvuja ndani ya ubongo, na kidonda chaweza kuoza.

Baadhi ya wagonjwa wa Toronto, umeme ulipowashwa, walisema kwamba ghafla wameona utulivu, ule utupu wa ndani umetoweka, na rangi za vitu chumbani zimekuwa angavu. Baada ya miezi 6, wagonjwa 4 kati ya 6 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Habari hizo zilienea upesi. Lakini haki yatudai tuseme na yaliyofuata. Mwaka 2015 yalitangazwa majaribio ya wagonjwa 30 katika Marekani, ambamo baadhi yao waliwashiwa umeme na wengine hawakuwashiwa, bila wao kujua ni nani. Tofauti ya maana haikuonekana. Mwaka 2017 yalitangazwa mengine ya wagonjwa 90. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 20 kwa waliowashiwa na asilimia 17 kwa wasiowashiwa. Majaribio hayo yalikatizwa kabla ya kutimia.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Wagonjwa wale walipoendelea kutiwa umeme kwa miaka 2, karibu nusu yao walikuwa wamepata nafuu. Huko Amsterdam, katika habari zilizotangazwa mwaka 2016, wagonjwa 10 kati ya 25 walipata nafuu baada ya waganga kupima na kurekebisha umeme kwa muda mrefu. Na mwaka 2019 yalielezwa mambo ya wagonjwa 28 waliofuatwa kwa miaka hata 8, ambao nusu yao au zaidi walidumu katika nafuu. Mwaka 2024 majaribio mapya makubwa yalitangazwa katika Marekani. Kwa hiyo anayesema kwamba dawa ya sonona sugu imekwisha kupatikana, anasema asilolijua. Na anayesema kwamba ni udanganyifu mtupu, naye vivyo hivyo. Ni njia inayotafutwa bado, iliyowainua baadhi ya watu kutoka shimoni na kuwaacha wengine walipokuwa.

KOVU LA ZAMANI

Wapo wanaoshtuka wasikiapo habari ya kuugusa ubongo kwa ajili ya mawazo na hisia, nao wana haki ya kushtuka. Mwaka 1935 mganga Mreno, António Egas Moniz, alianza kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kutuliza wenye wazimu. Mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Katika Marekani mganga Walter Freeman aliieneza kwa haraka ya kutisha, na watu makumi ya maelfu walikatwa. Baadhi walitulia. Wengi waliachwa wapole kama watu waliosahau kwamba wao ni nani.

Mmojawao alikuwa Rosemary Kennedy, binti wa jamaa Mkatoliki mashuhuri, dada wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Alikuwa mzito wa kujifunza tangu utotoni, na alipokua akawa mwepesi wa hasira. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 23, baba yake aliridhia akatwe. Baada ya siku ile hakuweza kusema sawasawa wala kutembea vema, na akili yake ikarudi kama ya mtoto mdogo. Kwa miongo mingi alitunzwa na masista katika jimbo la Wisconsin, mbali na macho ya watu. Alifariki mwaka 2005, mwaka uleule ambao habari za Toronto zilitangazwa.

Kisa hiki chatufundisha nini? Watu wengine husema chafundisha kwamba ubongo usiguswe kamwe. Sisi hatuoni hivyo. Wenye kifafa na uvimbe wa ubongo hupasuliwa kila siku, nao hushukuru. Twaona kosa mahali pengine. Binti yule hakuulizwa. Aliyetafutiwa raha hakuwa yeye peke yake. Palitafutwa pia utulivu wa nyumba na heshima ya jina. Tena kilichoondolewa hakikuwa maradhi pekee, bali sehemu ya uwezo wake wa kuwa mtu mwenye kujiamulia, nacho hakikuweza kurudishwa. Tuyashike mambo haya matatu, maana ndiyo yatakayotuonyesha njia.

KIPIMO

Mwezi wa Septemba 1952 Papa Pius XII alizungumza na wataalamu wa mishipa ya fahamu waliokusanyika kutoka nchi mbalimbali. Alifundisha kwamba mgonjwa hana milki isiyo na mpaka juu ya mwili wake, bali ni mtunzaji wake. Aweza kuitoa sehemu kwa ajili ya uzima wa mwili wote. Alifundisha pia kwamba mganga hana haki juu ya mgonjwa zaidi ya ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Na alionya jambo la tatu: isikubaliwe tiba inayoondoa kasoro ya mwili au ya akili kwa kuharibu daima uhuru wa mtu, ikamshusha awe kiumbe cha hisia tupu.

Onyo hilo lilitolewa waya hizi zisizojulikana bado kwa kazi hii, nalo latufaa sana. Halisemi usiguse. Lasema angalia uhuru: je, baada ya tiba mtu amepata uwezo zaidi wa kujitawala, ama amepungukiwa?

Hapa yatupasa tuseme wazi jambo ambalo wengi hulisahau. Mgonjwa wa sonona kali hafiki kwa mganga akiwa na uhuru mzima. Amekwisha kufungwa. Asiyeweza kutoka kitandani, asiyeweza kuamua avae nguo gani, asiyeweza kuyaamini maneno ya mkewe kwamba anampenda, huyo hiari yake ina pingu. Kanisa limelitambua jambo hilo hata katika ajali iliyo kubwa kuliko zote. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya mwaka 1983 haikuirudia katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba matatizo makubwa ya akili yaweza kupunguza lawama ya aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Ikiwa maradhi yaweza kuifunga hiari hivyo, basi kuyalegeza maradhi ni kuifungua hiari. Tiba inayofanya kazi hiyo haimdhulumu mtu nafsi yake. Yamrudishia.

FURAHA YA NANI?

Lakini mwenye shaka atauliza: ikiwa mtu anacheka kwa sababu swichi imewashwa, kicheko hicho ni chake kweli? Swali ni zuri, nalo halijibiwi kwa neno moja.

Mwaka 2012 waganga wa Ujerumani walieleza kisa cha kijana wa miaka 33 aliyetiwa waya kwa ajili ya hofu na mawazo yasiyozuilika. Walipokuwa wakipima nguvu ya umeme, waliona kwamba kila wakiongeza, furaha yake nayo yaongezeka, mpaka ikamlemea kama ulevi, naye mwenyewe akasema imepita kiasi. Wakaishusha mahali ambapo hofu ilikuwa imetulia naye yuko sawa. Kisha akawaomba wamwongezee kidogo, ili siku zijazo awe na furaha zaidi kuliko hivyo. Waganga wakakataa.

Twawasifu kwa kukataa, nasi tungependa wasomaji waitazame sababu. Haikuwa kwamba furaha ni mbaya. Ilikuwa kwamba furaha ya haki huwa na kitu inachokifurahia. Mtu hufurahi kwa sababu mtoto amezaliwa, mahindi yamekomaa, ndugu wawili wamepatana. Akifurahi bila kitu, tena kila saa, hata mbele ya jeneza, huyo amekuwa kipofu wa namna nyingine: sonona ilimzuia asione mema yaliyopo, na sasa furaha ya umeme yamzuia asione mabaya yaliyopo. Kwa hiyo waya uliotumika vema hauleti furaha. Huondoa jiwe lililokaa juu ya kisima. Dalili ya tiba njema ni kwamba mgonjwa aweza tena kulia kwenye msiba na kucheka kwenye arusi, kila jambo kwa wakati wake. Akiweza hayo, machozi ni yake na kicheko ni chake, kama vile hatua za mwenye Parkinson ni hatua zake, ingawa pasipo umeme mikono na miguu ingetetemeka.

Na jiwe likiisha kuondolewa, kisima chataka kuchotwa. Mtu aliyekaa miaka 15 gizani ameyazoea mazoea ya giza. Ndoa yake imepoa, kazi imepotea, rafiki wametawanyika. Umeme haumwombei radhi mke wake, haumfundishi kuamka asubuhi, wala haumpatanishi na Mungu wake. Kazi hiyo hubaki kwa mtu mwenyewe na kwa wanaompenda, nayo yataka miezi na miaka. Huenda hiyo ni sehemu ya sababu wengine walionekana wamepata nafuu baada ya miaka 2 na si baada ya miezi 6.

Kisa kingine, kutoka Uholanzi, kilielezwa na waganga mwaka 2004. Mzee wa miaka 62 mwenye Parkinson alitiwa waya. Umeme ukiwashwa aliweza kujisaidia mwenyewe, lakini akili yake ilipanda wazimu wa kuchangamka, akatapanya fedha na kuingia katika mashaka mengi. Umeme ukizimwa akili yake ilitulia, lakini hakuweza kutoka kitandani. Jitihada za kupata kiasi cha katikati zilishindikana. Basi waliuzima umeme ili wamwulize akiwa na akili timamu. Yeye akachagua uwashwe, ijapokuwa ingempasa kukaa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili. Msomaji aweza kubishana na uchaguzi wa mzee huyo. Asibishane na desturi ya waganga wale: walimtafuta mtu mwenyewe, wakamwuliza alipokuwa na uwezo wa kujibu, wakalisikiliza jibu lake ingawa halikuwa jepesi. Rosemary Kennedy hakupata heshima hiyo.

NANI ASHIKE UFUNGUO?

Kuuliza si jambo rahisi katika maradhi haya. Mtu aliyekata tamaa aweza kukubali lolote, hata lile ambalo angelikataa akiwa mzima. Na mwingine aweza kukubali kwa sababu hajali tena kama ataishi. Kwa hiyo haitoshi kutia sahihi kwenye karatasi. Aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba jambo hili lingali la majaribio, kwamba waliofaulu wapo na wasiofaulu wapo. Aulizwe zaidi ya mara moja, siku mbalimbali. Awepo mtu anayemjua na kumpenda, asiye na faida yoyote katika kazi hiyo. Jamaa washauri, wasiamue badala ya mtu mzima mwenye fahamu; wala isiwe kamwe kwamba anapelekwa kwa sababu nyumba imechoka naye.

Liko pia jambo la betri. Nyingine huisha nguvu baada ya miaka michache, na kuibadili ni kupasuliwa tena kwa gharama. Mgonjwa aliyepona aweza kuporomoka tena pindi umeme unapokatika. Basi aliyeutia waya katika kichwa cha mtu amejifunga naye kwa kifungo kisichoisha siku majaribio yanapofungwa au kampuni inapoishiwa fedha. Kumtoa mtu shimoni kwa kamba na kuiachia kamba katikati ya safari ni dhambi ya haki, hata kama mkataba waliruhusu. Serikali na vyuo vinavyoruhusu majaribio ya namna hii vina wajibu wa kuuliza mapema: fedha zikiisha, nani atamtunza huyu?

Tena waya wa siku hizi wazidi kuwa na werevu. Mwaka 2021 waganga wa San Francisco walieleza kifaa kilichotiwa kwa mgonjwa mmoja, ambacho huisikiliza dalili ya huzuni katika ubongo wake, na kikiiona hutoa umeme wa sekunde chache, bila yeye kubonyeza kitu. Mgonjwa huyo alipata nafuu kubwa, nasi twafurahi kwa ajili yake. Lakini kifaa kinachosoma hali ya ubongo chaweza kesho kutamaniwa na mwajiri, na mfanya biashara, na mwenye dola. Habari za ndani ya kichwa cha mtu ni zake. Zilindwe kwa sheria tangu sasa, kabla mazoea hayajawa mzizi.

HAKI NA WAJIBU

Tukusanye sasa hukumu yetu. Twaona kwamba mgonjwa wa sonona isiyosikia tiba aweza kwa dhamiri safi kuikubali kazi hii, akiisha kujaribiwa njia nyepesi, akielezwa kweli, na akiahidiwa matunzo ya baadaye. Hafanyi kosa la kutomtumaini Mungu. Pia aweza kuikataa kwa dhamiri safi. Mwaka 1957 Papa Pius XII alifundisha kwamba mtu halazimiki kutumia njia za matibabu zilizo nzito kupita kawaida, na bila shaka kutobolewa fuvu kwa jambo lisilo hakika ni njia nzito. Anayekubali asidharauliwe kwamba imani yake ni haba, na anayekataa asiambiwe kwamba hataki kupona.

Jambo moja twalikataa kwa nguvu zetu zote, nalo ni kumwambia mgonjwa huyo kwamba imebaki kufa tu. Katika Ubelgiji sheria ya mwaka 2002 yaruhusu mganga kumwua mgonjwa aombaye, hata yule ambaye maradhi yake ni ya akili pekee. Mwaka 2017 hospitali za magonjwa ya akili zilizokuwa chini ya shirika la Mabruda wa Upendo huko zilitangaza kuikubali njia hiyo, na mwaka 2020 Roma ikaamua kwamba hazihesabiwi tena kuwa za Kikatoliki. Shirika hilohilo laendesha hospitali ya Ndera, karibu na Kigali, ambako wengi waliovunjwa moyo wamepokewa. Tuone basi njia panda ilivyo: nchi ileile iliyo na Leuven, ambako waya ulitafutiwa wagonjwa wa akili, ndiyo iliyofungua mlango wa pili. Anayetafuta dawa, hata akikosea njia, bado anamwambia mgonjwa: uhai wako wastahili kutafutiwa. Anayempa sumu amekwisha kumjibu kwamba haustahili.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole huku nyumba zetu zina moshi. Kwetu wako wagonjwa wa sonona ambao hawajashindwa na tiba yoyote, kwa sababu hawajapewa hata moja. Wamefichwa vyumbani. Wamezungushwa kwa wapiga ramli mpaka ng'ombe wamekwisha. Wengine wamefungwa kamba, wengine wamekemewa kama wenye pepo, na wengine wametajwa kanisani kwa dhihaka. Hospitali za Mirembe na Mathari huogopwa kama gereza, wakati zingeweza kuendewa mapema kama tuendavyo kwa jino. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa walio wengi kati yao haitahitajika kutoboa fuvu. Itahitajika safari moja ya basi hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa, vidonge vinavyomezwa bila kukatiza, na mtu wa kuketi naye.

Kwa hiyo twawasihi baba na mama wa jamaa zetu. Kijana akiacha kula, akiacha kulala, akijitenga na wenzake majuma mawili na zaidi, msimwite mvivu. Mwulizeni kwa upole, na akitaja kifo msigeuze maneno. Kaeni naye, ondoeni sumu za shambani na kamba karibu naye, mpelekeni kwa mganga siku hiyohiyo. Twawasihi makatekista na viongozi wa jumuiya wasimwahidi mgonjwa kwamba sala itachukua nafasi ya dawa, wala mganga asimwambie kwamba dawa itachukua nafasi ya sala. Nao vijana wetu wanaosomea uganga, tunawaomba baadhi yao wachague kazi hii isiyo na sifa, ya kuwatibu walioumia akilini, maana wanaoifanya ni wachache mno.

Eliya alipewa mkate kabla ya kupewa amri. Tuanze nasi hapo.